Samaki Waliokwenda Likizo

Katika Jamhuri ya Stahimili chakula hakikuoza. Kilipitwa na tarehe, na hayo ni mambo mawili mbalimbali, kama ajuavyo kila mtu aliyefika mbele kidogo katika masomo. Kuoza ni shughuli ya vijidudu. Haina adabu wala ratiba. Kupitwa na tarehe ni shughuli ya serikali. Kwa hiyo nchi ile ilikuwa na Idara ya Tarehe, yenye jengo lake la ghorofa, bendera yake na wimbo wake wa asubuhi, na katika idara hiyo hapakuwa na mkaguzi aliyeheshimiwa kuliko Bwana Idarusi Mkambala.

Idarusi alikuwa mtu mwembamba, nadhifu, mwenye shahada ya kemia ambayo hakuna aliyewahi kumwomba aitumie. Alichoombwa ni kusoma tarehe, na hapo hakuwa na mpinzani. Alisoma tarehe zilizofutika, zilizopigwa chapa kichwa chini miguu juu, zilizojificha ndani ya mkunjo wa mfuko. Alizisoma hata katika lugha ambazo asingeweza kuombea maji ya kunywa. Akishasoma, hutamka neno moja kati ya mawili: "Hai," au "Marehemu." Kilicho hai kiliingia sokoni. Kilicho marehemu kilichomwa moto hadharani, mkuu wa wilaya akihutubia.

Kufungua kopo au mfuko hakukuruhusiwa. Kulikatazwa na Waraka wa Pua. Inasemekana zamani wakaguzi walikuwa wakinusa, mpaka siku mmoja wao aliponusa jibini iliyoletwa zawadi na balozi wa nchi rafiki, akakunja uso mbele ya wapiga picha. Nchi rafiki ikasitisha msaada wa barabara ikiwa imefika katikati ya daraja. Tangu hapo serikali ikaamua kwamba pua ni kiungo cha faragha, haina mhuri, na ushahidi wake haupokelewi mahali popote penye bendera. Idarusi aliona ni busara. Pua husema hivi leo, na kesho ikishikwa na mafua husema vingine. Tarehe haishikwi na mafua.

Kazi iliyompatia jina ilikuwa ile ya chumvi. Lilikamatwa lori zima la chumvi ambayo tarehe yake ilikuwa imepita jana yake. Mwenye mzigo, mama mnene wa mwili na wa sauti, alimshika Idarusi mkono.

"Mwanangu, chumvi hii imekaa ardhini tangu kabla ya Nuhu. Iharibike leo, kwa sababu imekutana na wewe?"

"Mama yangu, huko ardhini haikuwa na mfuko. Ilipotiwa mfukoni ikapata tarehe, na ilipopata tarehe ikapata sheria."

"Na mimi nilizaliwa sina cheti. Haya niambie, nitakufa lini?"

Idarusi akageukia mfuko uliofuata. Swali hilo lilikuwa la idara nyingine.

Chumvi ikahukumiwa kuchomwa, nayo ikakataa kuwaka. Wakaimwagia mafuta ya taa. Mafuta yakawaka, chumvi ikabaki. Mkuu wa wilaya akarefusha hotuba akitazama rundo kwa jicho la pembeni. Mwishowe zikaletwa kuni, zikawashwa mbele yake, picha zikapigwa upande wa kuni, na taarifa ya habari ikatangaza kwamba chumvi imeteketea yote. Watu wa mtaa ule walishinda wiki nzima wakichota majivu meupe kwa ndoo, na mboga zao zilisifika.

Ndipo walipokuja samaki.

Walikuja ndani ya makopo, zawadi ya nchi rafiki, ile ile ya jibini, baada ya mapatano. Nchi rafiki ilikuwa karimu sana hasa tarehe zilipokuwa zimekaribia. Makopo yakashushwa bandarini, yakapangwa katika bohari jipya la Wizara ya Shibe. Bohari lilikuwa limekamilika kila kitu isipokuwa paa, kwa sababu paa lilikuwa katika bajeti ya mwaka mwingine. Jua likayapiga makopo, mvua ikayaosha, jua likayapiga tena. Tarehe ikafika, ikapita, na vifuniko vilivyokuwa bapa vikaanza kutuna kama matumbo ya wajumbe baada ya mkutano.

Waziri wa Shibe, Mheshimiwa Dakta Bulenga, alipokuja kukagua, alisimama mbele ya makopo akatabasamu kama babu aliyeletewa mjukuu.

"Mnaona?" aliwauliza maofisa wake. "Yalikuja hapa yamekonda. Sasa yamenawiri! Hii ndiyo hali ya hewa ya nchi yetu. Kila kinachokuja Stahimili hunenepa."

Makofi yakapigwa. Waziri akamwita mkaguzi asome, ili samaki wagawiwe wananchi. Idarusi akainama, akasoma.

"Marehemu, Mheshimiwa."

"Hebu rudia."

"Marehemu. Wote."

Makofi, ambayo kwa upande wa nyuma yalikuwa bado yanaendelea, yakakoma.

Kesho yake Idarusi aliitwa ofisini kwa waziri. Alikaribishwa kiti, akamiminiwa chai, akawekewa biskuti zilizotoka katika kabati lenye kufuli. Kwa mazoea akaangalia tarehe ya biskuti hizo. Ilikuwa ya mbali mno, tena imechapwa kwa dhahabu.

"Mkambala," alianza waziri, "wewe ni mtumishi wa umma?"

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Jumapili unafanya kazi?"

"La, Mheshimiwa."

"Na sikukuu?"

"Sikukuu napumzika."

"Vizuri. Na wale samaki ni wa nani?"

"Wa serikali."

"Kwa hiyo wanaitumikia serikali."

"Yaani, Mheshimiwa, wamekaa tu boharini."

"Na wewe umekaa tu ofisini. Nani kakwambia kukaa si kutumika?" Waziri akachovya biskuti. "Sasa kama samaki ni mtumishi wa umma, kwa nini azeeke Jumapili? Kwa nini azeeke Siku ya Uhuru, taifa zima limelala? Huo si uonevu, Mkambala? Tena uonevu kwa asiyeweza kusema?"

Mtu mwingine angecheka, au angesingizia kikohozi. Idarusi hakucheka. Alikuwa mtu wa hoja, na hoja ile, ukishaikubali mlangoni, haikuwa na ufa mahali pengine popote. Akatoa kalamu, akaanza kutoa. Alitoa Jumapili na Jumamosi. Alitoa Siku ya Uhuru, na Siku ya Kushukuru kwa Siku ya Uhuru. Alitoa kuzaliwa kwa Mtukufu Rais na kuzaliwa kwa mama yake Mtukufu Rais, siku za maombolezo, na siku ambazo ofisi hufungwa watu wakasimame barabarani kusubiri msafara. Alipofika mwisho akakunja kipaji cha uso.

"Kuna tatizo, Mheshimiwa."

"Siku hazitoshi?"

"Zimezidi. Kwa hesabu hii, hawa samaki bado wako baharini. Hawajavuliwa."

Waziri akafikiri. Hakuwa mtu wa kukata tamaa.

"Basi Jumamosi wafanye kazi nusu siku. Tusije tukachekwa."

Hivyo ndivyo ilivyozaliwa Sheria ya Mapumziko ya Bidhaa. Bunge liliipitisha kabla ya chakula cha mchana. Idarusi akagonga mhuri wa "Hai" kwa mkono wake wa kulia, na waziri akamdokeza kwamba cheo cha mkurugenzi kiko wazi, na kwamba kiti cha mkurugenzi kina magurudumu.

Nyumbani alimsimulia mkewe, Salha, ambaye alikuwa fundi cherehani na mwenye tabia ya kuuliza maswali huku ana pini mdomoni.

"Umewaona hao samaki wenyewe?" aliuliza Salha.

"Nimeyaona makopo."

"Sikukuuliza makopo."

"Salha, sheria inasema kopo."

"Na ulipokuja kuniposa kwetu, uliangalia buibui tu, ukaridhika, ukaenda zako?"

"Hilo lilikuwa jambo jingine."

"Nakumbuka. Ulikaa sebuleni mpaka mama akakuletea chakula mara ya pili, unanyosha shingo kama twiga." Akatoa pini, akaichoma kwenye kitambaa. "Samaki wa watu hawakustahili hata kunyoshewa shingo?"

Idarusi akasema ana kichwa kinamuuma, akaenda kulala.

Wananchi wa Stahimili, ambao huzipokea sheria zote kwa uaminifu, waliipokea na hii. Muuza nyama aliyeulizwa kwa nini paja limegeuka rangi ya kijani alijibu kwamba ng'ombe yule alikuwa msibani. Mwenye maziwa aliandika ubaoni: MAZIWA YA JUMATATU YALIYOPUMZIKA. Mabibi waliokuwa wamepita umri fulani walitoa Jumapili zao na sikukuu zao, wakarudi kuwa wasichana, na mmoja akaomba mahari ilipwe upya. Timu ya taifa ya vijana ilisajili mlinda mlango mwenye wajukuu, karatasi zake zikiwa safi kabisa.

Lakini aliyeielewa sheria ile kwa kina kuliko wote alikuwa Mtukufu Rais mwenyewe. Muhula wake wa mwisho ulikuwa unamalizika mwaka ule. Washauri wake wakakaa, wakauliza: je, Mtukufu si mtumishi wa umma, tena wa kwanza? Wakatoa Jumapili. Wakatoa sikukuu, safari za nje, na vipindi vya mapumziko ya mchana. Wakagundua kwamba Mtukufu, kwa siku alizofanya kazi hasa, ndiyo kwanza ameanza. Mahakama Kuu ikathibitisha. Taifa likashangilia, na siku ya kushangilia ikatangazwa kuwa sikukuu, kwa hiyo nayo ikatolewa.

Wiki ile ile waziri alimpigia Idarusi simu, sauti yake imejaa asali.

"Mkambala, tumekuheshimu. Samaki watazinduliwa Sikukuu ya Shibe, na tumechagua shule ya bweni anayosoma binti yako. Mwatima ndilo jina lake? Atafungua kopo la kwanza na kula mbele ya kamera. Taifa zima litamwona."

"Ahsante, Mheshimiwa," alisema Idarusi, akaweka simu chini.

Aliuangalia mkono wake wa kulia, ule wa mhuri. Kisha akachukua kofia, akaenda boharini. Mlinzi alikuwa amehamisha kiti chake mbali na makopo. Alisema ni kwa ajili ya kivuli, ingawa kule alikohamia hapakuwa na kivuli chochote. Idarusi akachagua kopo, si lililotuna zaidi wala lililotuna kidogo, bali la kati, kama alivyofundishwa chuoni kuchagua sampuli. Akalitoboa.

Kopo likatoa mlio mrefu kama gurudumu linalopungua upepo. Kisha likatoa povu. Kisha ikaja harufu. Idarusi alirudi nyuma mpaka mgongo wake ukagota ukutani.

Kemia aliyoiweka kabatini miaka yote ile ikarudi yenyewe, ukurasa kwa ukurasa, bila kuitwa. Kopo lililofungwa vizuri halitengenezi gesi. Kikiwamo kitu kinachotengeneza gesi, kiko hai, na ndicho pekee kilicho hai mle ndani. Vipo vijidudu vinavyostawi pasipo hewa, navyo huacha sumu isiyo na rangi. Na pengine huiacha katika kopo lisilonuka kabisa, ndiyo maana hata pua peke yake haitoshi. Anayeila huanza kuona kitu kimoja kama viwili. Halafu ulimi humwia mzito. Halafu kope zinashindwa kunyanyuka, na mwisho kifua. Sumu hiyo hufanya kazi Jumapili.

Hakwenda nyumbani. Alikwenda moja kwa moja wizarani.

"Mheshimiwa, nimefungua kopo."

"Umefanya nini?"

"Nimelifungua. Wale samaki ni sumu. Naomba niuondoe mhuri wangu."

Waziri akainuka, akafunga mlango, akafunga na dirisha. "Umejuaje? Umenusa?"

"Nimenusa, na nimeona. Na nimesoma kemia."

"Mkambala, Mkambala! Mtu mzima, msomi, unaniingilia ofisini na pua?" Akashusha sauti. "Hebu fikiri. Ukisema samaki wale wamepitwa, umesema Jumapili inahesabika. Sawa? Na ukisema Jumapili inahesabika, umesema nini kuhusu Mtukufu Rais?"

Idarusi akageuka kuutazama mlango uliofungwa.

"Umeona? Mimi sikulisema. Wewe hukulisema. Tuliache hapo hapo."

"Mheshimiwa, wewe utakula nao siku hiyo?"

"Mimi?" Waziri akacheka kwa huruma. "Ningependa sana. Lakini nina tumbo la kimataifa. Daktari wangu amelikataza vitu vya humu ndani."

Idarusi alipofika nyumbani hakuwa na haja ya kusimulia. Salha alimtazama viatu, vilivyokuwa na povu lililokauka, akamtazama uso, akampa simu.

"Mpigie mtoto."

Mwatima alikuwa kidato cha tatu, na alikuwa amerithi hoja za baba yake na ulimi wa mama yake, mchanganyiko ambao walimu waliuvumilia kwa zamu.

"Baba! Umesikia? Mimi ndiye nitakayefungua. Mkuu wa shule ameniazima sketi mpya."

"Mwatima, sikiliza. Siku hiyo usile wale samaki. Jifanye unatafuna."

 Upande wa pili zilisikika ndoo na wasichana wakigombania bomba.

"Wana nini?"

"Wameharibika."

"Sawa, mimi sili. Na wenzangu niwaambie nini?"

"Usiwaambie kitu. Mambo haya ni makubwa."

"Hidaya analala kitanda cha juu yangu, baba. Tunakula sahani moja. Yeye ale, mimi nitafune hewa huku namtazama?"

"Mwatima..."

"Na si wewe uliyesema wako hai? Tulikusikia redioni. Mwalimu alitusimamisha tukakupigia makofi." Kisha, kwa sauti ndogo zaidi: "Baba, sasa tufanyeje?"

Idarusi alikuwa na jibu la maswali yote yanayohusu tarehe. Swali hili halikuwa na tarehe. Alisema atafikiri, na Salha, ambaye alikuwa amesikia yote, akairudia cherehani yake akaikanyaga kwa nguvu kuliko kazi ilivyotaka.

Sikukuu ya Shibe iliangukia Ijumaa. Uwanja wa shule ulikuwa umefagiliwa mpaka ukabaki udongo mwekundu mtupu. Paliwekwa hema la waheshimiwa, bendi ya polisi, na gari la redio lenye mlingoti. Makopo yalipangwa kwa umbo la piramidi juu ya meza yenye kitambaa cheupe, yakang'arishwa kwa mafuta ya nazi, yakaachwa juani yapigwe picha. Wasichana walikaa chini kwa mistari, kila mmoja na sahani yake tupu magotini. Walikuwa hawajala tangu asubuhi, maana wizara ilielekeza waonekane na hamu.

Waziri Bulenga alihutubia. Alieleza historia ya njaa duniani na jinsi ilivyoshindwa kuingia Stahimili kwa kukosa kibali. Alipofika kwenye maneno "na samaki hawa ni mashahidi," kopo moja la pembeni likapasuka kwa kishindo. Bendi, ikidhani ni ishara, ikapiga wimbo wa taifa, na watu wote wakasimama. Askari mmoja aliyerukiwa na mchuzi alibaki amepiga saluti, machozi yakimtoka, akasifiwa baadaye kwa uzalendo.

Kisha ikafika zamu ya mkaguzi. Sheria mpya ilitaka kabla ya bidhaa kuliwa asimame mbele yake, atamke hali yake kwa sauti. Idarusi akapanda jukwaani. Mwatima alikuwa tayari mezani, ameshika kifungua kopo, sketi yake mpya imemzidi kiuno. Hakumtazama baba yake. Alikuwa anamtazama Hidaya, aliyekuwa mstari wa mbele akichezea sahani.

Idarusi akainua kopo, akasoma, akaondoa Jumapili na sikukuu kichwani.

"Hai!" alitangaza.

Makofi. Waziri akashusha pumzi. Mwatima akafumba macho, akapeleka kifungua kopo kwenye kifuniko.

"Lakini," alisema Idarusi, "wako mapumzikoni."

Kifungua kopo kikasimama.

"Unasema?" aliuliza waziri, bado anatabasamu kwa ajili ya kamera.

"Mheshimiwa, leo ni sikukuu. Kwa Sheria ya Mapumziko ya Bidhaa, samaki hawa ni watumishi wa umma, na kazi ya samaki wa kopo ni kuliwa. Kuwala leo ni kuwafanyisha kazi siku ya mapumziko."

Mnong'ono ukapita kwenye hema. Mwanasheria wa wizara akafungua mkoba, akasoma, akafunga mkoba.

"Basi wataliwa kesho," alisema waziri.

"Kesho ni Jumamosi, ni nusu siku. Kwa kuwapanga tu foleni watakuwa wametoka kazini. Keshokutwa Jumapili. Jumatatu ni kuzaliwa kwa mama yake Mtukufu Rais." Idarusi alisema haya kwa utulivu, kama anayesoma mfuko wa unga. "Tena nimepitia utumishi wao. Tangu walipovuliwa hawajapewa likizo hata moja. Likizo zao zimelimbikizana. Hawawezi kurudi kazini mpaka wazimalize."

"Likizo!" Waziri alisahau kamera. "Likizo ya samaki! Mkambala, umerukwa na akili? Samaki gani anahesabiwa..."

"Wasihesabiwe, Mheshimiwa?" Idarusi akasogea karibu na kipaza sauti. "Kama mapumziko hayahesabiki, niko tayari kutangaza sasa hivi. Redio iko hewani nchi nzima. Niseme kwamba Jumapili ni siku kama siku nyingine, kwa samaki na kwa kila mtumishi wa umma, kuanzia wa kwanza?"

 Mpiga ngoma wa bendi alikuwa ameinua mikono, akaiacha hewani. Ofisa usalama aliyevaa miwani akaivua, akaifuta, akaivaa tena, akimtazama si mkaguzi bali waziri, kwa hamu ya kusikia atajibu nini.

Mheshimiwa Bulenga hakufika alipofika kwa kutojua kugeuza gari mahali pembamba. Alijifuta jasho, akainua mikono yote miwili.

"Ndugu wananchi!" alinguruma. "Mnaiona serikali yenu ilivyo sikivu? Katika nchi gani nyingine duniani hata samaki ana haki zake? Leo, Sikukuu ya Shibe, ninatangaza rasmi kwamba samaki hawa wanakwenda likizo! Na likizo yao itakuwa na malipo!"

Uwanja ukalipuka kwa vigelegele. Makopo yakapakiwa kwenye lori moja moja, kwa uangalifu mkubwa, bendi ikipiga wimbo wa kuaga. Waziri alipopita kando ya Idarusi alimkumbatia mbele ya kamera, akamnong'oneza sikioni: "Utakwenda nao. Nakuteua Mlezi wa Samaki Walioko Likizo. Ofisi yako ni lile bohari. Na kule, kiti utajiletea mwenyewe."

"Ahsante, Mheshimiwa," alisema Idarusi, na safari hii alikuwa anashukuru kweli.

Msafara ukaondoka, vumbi likatulia. Wakabaki wasichana, mistari kwa mistari, na sahani zao tupu. Mkuu wa shule, Mwalimu Sikudhani, mwanamke mrefu aliyezoea kuzungumza na watu wa wizara akiwa amefunga mikono, alimjia Idarusi.

"Bwana mkaguzi, umewanyima wanangu samaki."

"Ndiyo, mwalimu."

"Sijauliza kwa nini. Nimesimama upande ule upepo unakoelekea." Akafungua mikono. "Nina maharage. Yalitakiwa kuchomwa mwaka juzi, tukayasahau kwa makusudi. Nakuomba usije jikoni."

"Mtayapika saa hizi? Maharage ya zamani ni magumu. Yanataka kulowekwa kutwa kucha."

"Yamelowekwa tangu jana, na yako motoni tangu alfajiri." Mwalimu Sikudhani alimtazama kama anavyotazamwa mwanafunzi mgeni. "Sisi hapa serikali ikiahidi samaki, tunaloweka maharage. Ikiahidi nyama, tunaloweka mara mbili."

Idarusi akaenda jikoni hata hivyo. Mpishi alipomwona alisimama mbele ya magunia akitanua kanga. Idarusi hakumsogeza. Alitaka kuona maharage. Akaomba mwiko, akachota kidogo kutoka chunguni, akaangalia rangi, akaminya punje moja kati ya vidole. Ilikubali, ganda likateleza, ndani pakawa laini. Yalikuwa mazee, hilo lilionekana. Maganda yalikuwa yamekuwa meusi na mchuzi ulikuwa mzito wa kuni nyingi. Uzee wao ulikuwa ni ukaidi tu, na ukaidi huisha kwa moto. Akatia mwiko tena, akaonja. Kisha akaomba sahani.

Walimkuta ameketi kwenye benchi la jikoni, tai ameitupia begani, anakula ugali na maharage kwa mkono kama mtu aliyetoka shambani. Mwatima alisimama mlangoni, sketi ameikamata kwa mkono mmoja isianguke. Nyuma yake alisimama Hidaya, na nyuma ya Hidaya foleni iliyozunguka bweni.

"Baba," alisema, "wenzangu wanauliza, wale au wasile?"

Idarusi alikuwa amejaza mdomo. Akanyosha mkono wa kulia, uliokuwa umelowa mchuzi mpaka kwenye kiganja, akawapungia waingie, waingie, kabla hayajapoa.